Kupoza maji ya kimea Mombasa: mwongozo kamili wa kujitengenezea koili ya shaba

Anayepika bia nyumbani Mombasa ana shida ambayo mwenzake wa Limuru kwenye baridi haijui: maji ya kupozea yenyewe yana joto. Kuchemsha kuna wepesi wake. Gesi ipo, sufuria ipo, ni kusubiri saa moja tu. Mtihani unaanza ukishazima moto. Una lita 20 za maji ya kimea, yaani maji yaliyobeba utamu wa shayiri iliyooteshwa, ndiyo yatakayokuwa bia, yameshika harufu ya hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, yako nyuzi 100, na hamira unayotaka kuyatia inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Ukiitia mapema inakufa. Ukichelewa, bakteria wanaingia kabla yake.

Mara yangu ya kwanza nilifunika sufuria nikaiacha ipoe usiku kucha. Ilikuwa Februari, kaskazi imekolea. Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 36, na nilipofunua kifuniko nilipokewa na harufu ya mboga zilizolala. Nikamwaga zote. Siku hiyo ndiyo nilianza kufikiria koili, bomba la kupozea lililoviringwa.

Wapo watakaouliza mbona mgema hahangaiki hivi. Mnazi unachacha wenyewe, hamira iko hewani na kwenye kibuyu, na tangu unapogemwa umo kazini. Haukuchemshwa. Bia imechemshwa, kila kilicho hai ndani yake kimekufa, na sasa ni nyumba tupu yenye mlango wazi. Ikishuka chini ya nyuzi 60 hivi, bakteria wanaanza kuiweza, na kadiri inavyokawia kwenye uvuguvugu ndivyo wanavyozaana. Tena kimea cha rangi nyeupe, kikikaa na moto mwingi chini ya kifuniko, hutoa harufu ya mahindi ya kuchemsha au kabichi, harufu ambayo ingetoka na mvuke au isingezaliwa kabisa kama ungepoza upesi. Kupoza upesi pia hufanya protini zigandamane zishuke chini, na bia ikatoka angavu.

Kabla ya shaba, sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza au kuuza kileo Kenya. Pita kwanza ofisi ya leseni ya kaunti uulize hali yako, na usiuze hata chupa moja bila karatasi. Koili hii haihusiani kabisa na kukeneka pombe kali. Ni ya kupoza kilicho ndani ya sufuria, basi. Kwa nyumba zisizotumia kileo, na Mombasa ni nyingi, itakufaa vilevile kwa kinywaji cha shayiri kisichochachushwa, maji ya tangawizi au ukwaju uliochemshwa kwa wingi wa shughuli.

Hesabu kwanza

Nakuomba usiruke sehemu hii, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kwa nini koili uliyoiona ikifanya kazi nchi za baridi itakukwamia hapa.

Koili ya kuzamisha ni bomba jembamba la shaba lililoviringwa, unalitumbukiza ndani ya maji ya kimea, na maji ya kupozea yanapita ndani yake. Yanaingia ya baridi, yanachukua joto kupitia ukuta wa shaba, yanatoka ya moto. Hayakutani na maji ya kimea hata tone. Joto linahama kwa sababu ya tofauti ya nyuzi kati ya pande mbili. Tofauti ikiwa kubwa, linakimbia. Ikipungua, linatambaa. Pande mbili zikilingana, linasimama, hata ukiacha mfereji wazi mpaka kesho.

Sasa pima maji yako. Maji ya mfereji, ya chemchemi za Mzima, yanatoka Tsavo Magharibi na kupita zaidi ya kilomita 200 za bomba ardhini kabla ya kutufikia. Kwangu yanasoma nyuzi 28 alfajiri wakati wa kusi, na 30 wakati wa kaskazi. Tangi jeusi la juu ya paa nililipima saa nane mchana likasoma 38. Maji ya kisima ndiyo hayabadiliki sana, 27 au 28 mwaka mzima.

Kwa koili nitakayoieleza, na maji ya nyuzi 28 yakipita lita 3 na nusu kwa dakika, lita 20 zitashuka kutoka 100 hadi 38 kwa maji lita 60 hivi. Dakika 17 hivi. Lakini ukitaka kutoka 38 hadi 30, nyuzi nane tu, utahitaji karibu lita 50 nyingine. Na nyuzi 20 hutafika kamwe. Katika mji ambao mtungi wa lita 20 unasukumwa kwa mkokoteni na kulipiwa, kumwaga maji hivyo ni dhambi.

Kwa hiyo mfumo wetu una hatua mbili. Ya kwanza, maji ya kawaida yakipita mara moja, mpaka nyuzi 38. Ya pili, maji machache ya barafu yakizungushwa na pampu, mpaka 20. Koili ni ileile, tunachobadilisha ni chanzo.

Cha kununua

Bomba la shaba laini la inchi 3/8, mita 12. Ni lile la mafundi wa friji na AC, linauzwa likiwa limeviringwa kama mkeka. Usinunue la shaba ngumu lililonyooka, litavunjika ukilikunja. Muuzaji akikuambia la inchi 1/4 ni rahisi zaidi, mshukuru uliache, maji yatapita kwa kusinzia. La nusu inchi ni zuri lakini bei yake inapanda, na kulikunja kwa mkono kunataka nguvu. Bomba la chuma cha pua linavutia macho na halishiki kutu, ila shaba hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko chuma hicho.

Utahitaji pia mpira wa maji mita 6 unaobana vizuri kwenye bomba, na klipu nne za kukaza kwa bisibisi. Mpira wa upande wa kutokea usiwe ule wa bustani. Maji ya mwanzo yanatoka na zaidi ya nyuzi 70, na mpira laini unalegea, unachomoka, unamwaga maji ya moto miguuni. Tafuta wa silikoni, au ule mnene ulioimarishwa kwa uzi ndani.

Pampu ndogo ya kuzamisha ya volti 12. Soma kwenye boksi lake inasukuma maji juu mita ngapi. Nataka angalau mita 5. Pampu za tangi la samaki zinazosukuma mita moja zitakupa karibu nusu tu ya mtiririko. Faida ya volti 12 ni kwamba betri ya pikipiki au ya sola inatosha, na stima ikipotea katikati ya kazi hutajua.

Kipimajoto cha kuaminika, ndoo mbili, siki lita moja. Sufuria yangu ni ya lita 40, kipenyo sentimita 36. Lita 20 ndani yake zinapanda kama sentimita 20, na hicho ndicho kipimo kinachoamua umbo la koili.

Kukunja

Hapa ndipo watu wanaharibu shaba ya bei. Nilimpelekea fundi mmoja wa friji Mwembe Tayari bomba langu la kwanza likiwa limebonyea mahali pawili, akaligeuzageuza mkononi kisha akaniambia, "Kaka, shaba haitaki haraka. Ukiilazimisha inafunga koo." Bomba lililobonyea maji hayapiti sawasawa, na ukijaribu kulinyoosha kwa koleo linapata ufa.

Tafuta kitu cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 25 hivi, kama ndoo ngumu ya rangi iliyojaa mchanga au gogo. Kiwe kigumu, kisiponde. Koili ya sentimita 25 ndani ya sufuria ya 36 inaacha nafasi ya sentimita 5 hivi kila upande, na nafasi hiyo ni muhimu, maji ya kimea lazima yapite nje na ndani ya koili.

Jaza bomba mchanga laini mkavu, ule uliochekechwa, si wa ufukweni wenye chumvi na vipande vya simbi. Ziba ncha moja kwa mkanda, mimina kwa faneli ukigonga bomba taratibu mpaka lijae, kisha ziba ya pili. Mchanga unazuia ukuta wa bomba kubonyea. Kwa mita 12 inachosha, lakini fanya. Wengine hutumia springi ya kukunjia ya mafundi, nayo inafaa ukiazimwa.

Acha mita moja imenyooka mwanzoni. Mtu mmoja ashike ndoo, mwingine azungushe bomba kwa viganja viwili, dole gumba likisukuma pale linapogusana na ndoo. Usivute kutoka mbali. Kila mzunguko unakula sentimita 78 hivi, kwa hiyo mita 10 zinakupa mizunguko 12 na ushee. Ukimaliza bakisha mita nyingine moja ya kutokea. Sasa vuta koili kidogo ili kati ya mzunguko na mzunguko kubaki milimita 4. Urefu wake utakuwa kama sentimita 17, na yote itazama chini ya uso wa maji ya kimea. Mizunguko inayobaki juu hewani haipozi chochote, ni shaba ya pambo.

Ncha inayotoka chini ipandishe wima nje ya mizunguko, kisha ncha zote mbili zikunje kwa nje zipite juu ya ukingo wa sufuria na kuinama kidogo kuelekea chini. Mwinamo huo ni kinga: klipu ikivuja, maji yatadondokea sakafuni, si ndani ya bia. Funga mizunguko kwa waya wa shaba mahali patatu ili isitawanyike. Toa mchanga wote kwa kugonga, kisha pitisha maji kwa nguvu mpaka yatoke safi kabisa.

Utaona sijataja kulehemu. Nimekusudia. Bomba moja lisilo na kiungo ndani ya sufuria halina pa kuvujia. Kama lazima uunge, kiungo kiwe nje, na lehemu isiwe ile ya vifaa vya umeme, kwa kuwa nyingi ina risasi ambayo ni sumu.

Kujaribu na kusafisha

Vaa mipira, kaza klipu, ziba upande wa kutokea kwa kidole, zamisha koili yote kwenye beseni la maji na mtu apulize kwa nguvu upande wa pili. Mapovu yakionekana popote kwenye shaba, bomba hilo lina tundu. Rudia baadaye kwa maji ya mfereji yakiwa na nguvu kamili, koili ikiwa kavu nje, na uipanguse kwa karatasi ukitafuta unyevu.

Shaba mpya ina mafuta ya kiwandani. Osha kwa sabuni, suuza, halafu iloweke kwenye siki na maji nusu kwa nusu robo saa. Ndimu na chumvi nazo zinafanya kazi. Itatoka ya waridi. Ukiiona ya kijani, hiyo ni kutu ya shaba na ina sumu, na maji ya kimea yana uchachu wa kutosha kuiyeyusha. Isiingie sufuriani hata siku moja ikiwa na ukijani. Rangi ya kahawia si tatizo. Na ikishatiwa hamira, bia isiguse shaba tena.

Siku ya kupika

Anza mapema. Mimi nawasha moto baada ya alfajiri, ili saa ya kupoza inifikie kabla jua halijapasha tangi. Pika nje, gesi na mvuke wa saa nzima si vya ndani ya nyumba, na watoto wawe mbali, lita 20 zinazotokota hazina msamaha.

Dakika 15 kabla ya kuzima moto, tumbukiza koili kwenye maji yanayochemka. Mchemko utatulia kidogo kisha utarudi. Hivyo nje yake imeshauawa wadudu, huhitaji dawa yoyote. Hii ndiyo sababu kubwa napendelea koili ya kuzamisha kuliko vibamba vinavyopitisha maji ya kimea ndani yake. Vibamba vinapoza upesi zaidi, nakubali, lakini mabaki ya hopsi yakishakwama ndani huyaoni na huyafikii, na katika joto letu yanaoza siku hiyohiyo.

Zima moto. Fungua maji.

Chanzo cha hatua ya kwanza kinaweza kuwa tangi lililoinuliwa mita 3, hakihitaji pampu, uzito wa maji unatosha kutoa lita 3 hadi 4 kwa dakika. Na hapa Mombasa tuna bahati tusiyoiona kama bahati: kisima cha maji ya chumvi. Yale maji yasiyonyweka, yasiyotoa povu la sabuni, yanafaa kabisa kupozea, maana hayagusani na bia. Nyumba yenye kisima uani isitumie tone la maji matamu hapa. Sharti ni kusuuza ndani ya koili kwa maji matamu mara tu unapomaliza, chumvi ikikauka ndani inatafuna shaba kwa vitundu vidogo.

Usimwage kinachotoka. Ndoo ya kwanza ina moto wa kuoshea vyombo vyote vya kazi, za pili na tatu ni za kufulia au chooni. Jirani yangu, mama wa nyumba ya pili, hutuma mtoto na ndoo kila akisikia harufu ya kimea.

Maji yakipita, koroga. Hili watu hawalitii maanani, nalo linaleta tofauti kuliko kuongeza mita za shaba. Maji ya kimea yaliyotulia hujenga ngozi ya ubaridi kuzunguka bomba, na ngozi hiyo inazuia yaliyobaki. Koroga polepole kwa mwiko uliokuwa ndani ya mchemko, au shika ncha za koili kwa kitambaa uisogeze mduara. Usirushe maji juu yakiwa moto. Yakishuka chini ya 60, funika kwa kifuniko safi kilichokatwa pengo la bomba na la mwiko, na usiache mkono mtupu ukaribie.

Kipimajoto kikisoma 38, funga. Kama hamira yako ni kveik, ile ya mashambani Norwe inayopenda nyuzi 30 hadi 40, kazi imekwisha. Itie. Kwa mpikaji wa pwani hamira hiyo ni neema, nami miezi ya kaskazi sitii nyingine.

Barafu

Kwa hamira za kawaida tunaendelea. Kutoa lita 20 kutoka 38 hadi 20 ni kama kilojuli 1,500. Kilo moja ya barafu inameza 334 kwa kuyeyuka tu, na nyingine 60 hivi ikipanda hadi nyuzi 15. Ongeza kazi ya kupoza maji ya ndoo yenyewe, unapata kilo 5. Nunua 8, joto la Mombasa lina sehemu yake. Barafu ya wauza samaki ni ya bei nzuri na hainywewi, kwa hiyo usafi wake si neno. Nyingine gandisha mwenyewe siku mbili kabla.

Tia lita 8 za maji matamu kwenye ndoo, si zaidi, kila lita unayoongeza ni barafu inayopotea. Zungushia ndoo blanketi kuukuu. Vunja barafu vipande vya ukubwa wa ndimu, funga pampu kwa kitambaa chepesi isimeze vijiwe, izamishe. Mpira wa kuingilia uunge kwenye pampu, wa kutokea urudi ndoo hiyohiyo, mdomo wake ukae juu ya barafu, mbali na pampu. Maji ya kwanza yatakayotoka kwenye koili ni yale ya moto yaliyobaki humo; yamwage pembeni kwa nusu dakika kabla ya kuanza kurudisha.

Usitie barafu yote mara moja. Tia nusu, ikiyeyuka tia nyingine, na uendelee kukoroga sufuria. Robo saa hadi dakika 20 unafika nyuzi 20. Ukiona imegoma kwenye 25, gusa mpira wa kutokea: ukiwa baridi sana, hukorogi vya kutosha. Ukiwa vuguvugu na ndoo nayo vuguvugu, barafu imekwisha.

Hamisha kwenye chombo cha kuchachushia, sasa ruhusu imwagike kwa kishindo ipate hewa, tia hamira. Chombo kikae ndani ya beseni la maji lenye chupa za barafu za kubadilisha asubuhi na jioni. Kitambaa chenye maji peke yake hakisaidii sana hapa, hewa yetu imeshajaa unyevu. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda, uchachu wenyewe unazalisha joto.

Kutunza

Suuza koili nje kabla mabaki hayajakauka, kwa maji moto yale ya ndoo ya kwanza, bila sabuni ya kukwaruza. Ndani pitisha maji matamu dakika mbili, halafu puliza mpaka lisibaki tone, igeuze, puliza tena. Mchemko ujao wa dakika 15, maji yaliyobaki ndani yakigeuka mvuke hutoka kwa kurusha, kwa hiyo hata baada ya kupuliza elekeza ncha mbali na uso.

Itundike ndani, isikae uani. Hewa ya bahari inaipaka ukijani kwa wiki mbili. Mimi naivika gunia kavu na kuining'iniza stoo, na siku moja kabla ya kupika naitoa, naikagua mzunguko kwa mzunguko, nakaza klipu, naipitisha kwenye siki.